Kasa, Kikande au Majani ya Bahari: Nani Apewe Nafasi Kwanza Mpaka wa Hifadhi Unapochorwa?

Kila panapozungumzwa kutenga maeneo mapya ya hifadhi katika bahari ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi mpakani na Msumbiji, swali moja hujirudia kwenye mikutano ya vijiji na minada ya samaki: kwa nini kasa, ambaye hata kumuuza ni kosa, atengewe eneo, na mvuvi aambiwe asogee? Wengine huuliza kwa upande wa pili: kama shabaha ni kulinda samaki, mbona watafiti wanapiga magoti majini kuhesabu majani na majongoo ya bahari? Maswali yote mawili ni ya haki, na mara nyingi hayajibiwi. Mtaalamu hutaja "spishi muhimu kiikolojia", mkutano unanyamaza, ramani inabandikwa ukutani, na watu wanarudi nyumbani wakiamini kwamba mistari ile imechorwa kwa kupendelea wanyama wanaopendwa na watalii.

Kelele zimeongezeka tangu Desemba 2022, mataifa yalipokubaliana huko Montreal kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari za dunia iwe chini ya uhifadhi. Wengi wamesikia hapo kwamba karibu theluthi ya bahari itafungwa. Sivyo yalivyoandikwa makubaliano hayo. Yanazungumzia maeneo yanayosimamiwa vizuri, yanatambua haki za jamii zinazoishi humo, na yanaruhusu matumizi yasiyoharibu. Kinachobaki kuamuliwa ni kigumu zaidi ya asilimia: maeneo yapi, na kwa ajili ya viumbe gani.

Tunyooshe maneno kwanza. Kwa sheria yetu, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, hifadhi ya bahari na eneo tengefu ni vitu viwili. Katika eneo tengefu havuliwi kitu. Hifadhi ya bahari ni kubwa zaidi, ina watu na vijiji ndani yake, na imegawanywa kanda: ipo isiyovuliwa kabisa, ipo inayoruhusu zana fulani tu, na ipo ya matumizi ya kawaida yenye kanuni. Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 hivi, na karibu theluthi yake ni nchi kavu pamoja na mikoko. Msimbati na vijiji jirani vimo ndani ya mipaka hiyo, na humo humo mna visima vya gesi iliyogunduliwa mwaka 1982. Kwa hiyo "kuingizwa hifadhini" peke yake hakumwambii mvuvi chochote. Aulize ni kanda gani.

Neno la pili ni spishi: aina moja ya kiumbe, inayozaana yenyewe kwa yenyewe. Hapa lugha ya soko na lugha ya utafiti hupishana. Tukitaja samaki kwa jina la changu, au pono, au tasi, mara nyingi tunataja kundi la spishi kadhaa zenye tabia tofauti. Mmoja huanza kutaga akiwa mdogo, mwingine huchukua miaka. Ukiandika "changu" kwenye fomu ya utafiti umepoteza nusu ya taarifa.

Neno la tatu ndilo kiini. Umuhimu wa kiikolojia ni uzito wa kazi ambayo kiumbe anawafanyia viumbe wengine, pamoja na ugumu wa kumpata mwingine wa kuifanya kazi hiyo akitoweka. Bei haimo humo, uzuri haumo, na hata uadimu peke yake haumo. Chukua nyumba ya miti na udongo. Mgeni hutazama mlango wenye nakshi, na mnunuzi huuliza bei ya mabati, ila fundi hukagua nguzo za pembeni na mtambaa panya, kwa kuwa hizo zikiliwa na mchwa, mlango na mabati vinashuka pamoja. Mpangaji wa hifadhi anatakiwa kukagua kama fundi.

Sasa tuone kazi zenyewe, maana hazilingani.

Wapo viumbe wanaojenga mahali ambapo wengine wanaishi. Kusini mwa Tanzania ni watatu: mikoko, majani ya bahari na matumbawe. Majani ya bahari si mwani. Yana mizizi, yanachanua na kutoa mbegu chini ya maji, na yanashika mchanga usihame. Mikoko nayo si mti mmoja. Mkoko wenye mizizi ya magongo, mkandaa, msinzi, mchu na mlilana kila mmoja una mahali pake kulingana na urefu wa maji kujaa na kiasi cha chumvi. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari, na ukikatwa mstari huo wa mbele, mawimbi ya kusi hufika kwa mkandaa uliozoea utulivu. Matumbawe pia hutofautiana mno. Yale ya matawi huweza kurefuka hadi sentimita 10 kwa mwaka, ilhali yale mapande makubwa ya mviringo huongezeka sentimita moja hivi. Pande lenye urefu wa mita tatu lina umri wa karne kadhaa. Nanga moja iliyotupwa vibaya, au chupa moja ya baruti, inaharibu kitu ambacho wajukuu wa wajukuu zetu hawatakiona kikirudi.

Wapo ambao si wengi wala si wakubwa, lakini wakiondoka mpangilio wote unapinduka. Mwanaikolojia wa Marekani Robert Paine ndiye aliyewapa jina lao la kitaalamu mwaka 1969, baada ya kuwaondoa viti vya pwani (samaki nyota) wa aina fulani kwenye miamba ya jimbo la Washington na kuona kome wakitanda na kuwasukuma nje viumbe wengine. Mfano wa karibu nasi ni bora kuliko huo. Kwenye miamba ya Kenya, tangu miaka ya 1980, Tim McClanahan na wenzake wamefuatilia uhusiano kati ya kikande, samaki wa mwambani, na nungu bahari, wale viumbe wa duara wenye miiba inayowachoma waendao pwani kwa miguu. Kikande ana meno ya kuwapasua. Akivuliwa hadi kupungua sana, nungu bahari huongezeka kupita kiasi, wanakwangua mwamba usiku na mchana, na mwamba unameng'enyeka kwa kasi kuliko matumbawe yanavyojenga. Aina nyingine ya nungu hula majani ya bahari hadi kuacha jangwa la mchanga chini ya maji. Sasa pima: kikande hauzwi kwa bei ya kusisimua, ngozi yake ni ngumu, wengi humchukua tu kwa sababu ameingia kwenye dema, ule mtego wa samaki. Kwenye orodha ya bei atakuwa mkiani. Kwenye orodha ya kazi anapanda juu kabisa, na akishapungua huchukua miaka mingi kurudi hata baada ya uvuvi kusimamishwa.

Pono naye amekaa kwenye mstari huo. Hukwangua mwani unaoota juu ya mwamba, na kwa kufanya hivyo huacha uso msafi ambapo matumbawe machanga yanaweza kushika. Baada ya joto la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi katika pwani yetu, sehemu zenye pono na tasi wa kutosha zilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko zile zilizofunikwa na mwani. Kuna pono mmoja mkubwa mwenye nundu kichwani ambaye, kwa vipimo vilivyofanyika Australia, hula zaidi ya tani tano za mwamba kwa mwaka, samaki mmoja peke yake. Hulala usiku kwa makundi, na mzamiaji mwenye tochi na bunduki ya mshale anaweza kumaliza kundi kwa usiku mmoja.

Wapo wasafishaji wa sakafu, kama jongoo bahari anayemeza mchanga, akala uchafu ulio ndani yake na kuurudisha mchanga ukiwa safi. Wapo wanaotumika kama dalili, yaani hali yao inasema hali ya maji. Na wapo ambao thamani yao ni kwamba watu huwapenda: kasa, nyangumi, pomboo. Hao huleta fedha na sauti. Hifadhi ya Tanga ya mwaka 2009 ilipewa jina la silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa huko walikuwa wakimnasa kwenye majarife ya kina kirefu, na jina hilo limesaidia kulinda makazi ya viumbe wengi wasiojulikana. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale mpendwa anapofanywa kipimo pekee.

Hapo niseme wazi kuhusu kasa, kwa kuwa ndiye anayegombaniwa. Kasa wa kijani anastahili nafasi yake kwa hesabu, si kwa huruma. Hula majani ya bahari na kuyafanya yachipue upya, huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa, na jike hurudi kutaga katika ufukwe wa eneo alikoanguliwa. Fukwe za Msimbati ni miongoni mwa hizo. Kiota kimoja huwa na mayai mia moja na ushee na hukaa ardhini miezi miwili hivi. Ufukwe huo ukijengwa au ukawashwa taa kali, hawezi kuambiwa ahamie Kilwa. Eneo lenyewe analohitaji juu ya ardhi ni dogo sana. Ni kipande cha mchanga juu ya alama ya maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine. Mgogoro mwingi unaodhaniwa kuwa ni wa kasa na mvuvi, ukiutazama kwenye ramani, ni wa kasa na jarife lililotegwa mbele ya ufukwe katika miezi ya kutaga, na huo una dawa ya msimu bila kufunga bahari yote.

Imani nyingine inayopotosha ni kwamba orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini inatosha kuamua. Haitoshi. Nguva, mnyama wa baharini anayenyonyesha, kwa hesabu ya dunia nzima, yuko katika daraja la walio hatarini kiasi, kwa kuwa Australia bado ana makundi makubwa. Lakini Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki walipimwa peke yao na kuwekwa daraja la hatari kubwa kabisa. Katika Tanzania anaripotiwa zaidi kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitatu hadi saba, na mimba yake huzidi mwaka. Kwa kasi hiyo ya kuzaa, majike wachache wakinaswa kwenye jarife katika muongo mmoja wanatosha kulipeleka kundi dogo mahali lisiporudi. Kasa wa kijani amekwenda kinyume chake: Oktoba 2025 daraja lake la dunia lilishushwa kwa sababu ameongezeka sehemu nyingi. Mpangaji wa Kilwa anayenakili orodha ya dunia atamweka nguva chini ya anapostahili, na anaweza kumfuta kasa ambaye kwenye fukwe zake bado ni mchache.

Basi kazi hufanyikaje?

Huanza nchi kavu, kwa watu wanaoijua bahari hiyo. Kosa la kwanza na la kawaida ni kuita mkutano mmoja wa kijiji. Wataongea wenye mashua na nyavu kubwa. Vikao vinatakiwa viwe tofauti: wanawake wanaochokoa pweza na kukusanya chaza maji yakitoka, wanaotanda kwa chandarua kandokando ya mikoko, wavuvi wa mshipi, wa dema, wa nyavu, wazamiaji, na wazee walioacha kuvua. Kila kikao kipewe picha ya setilaiti iliyochapwa kubwa, na picha za samaki za rangi, ili jina la kijiji hiki na jina la Somanga, huko Kilwa, vielekee kwa kiumbe kile kile. Maswali yawe ya kazi: unamkuta wapi, mwezi gani, bamvua au maji mafu, mwenye mayai unamwona lini, wadogo wako wapi, na miaka 20 iliyopita walikuwa wapi? Swali la chewa ndilo lenye faida kuliko yote. Chewa wa aina kadhaa hukusanyika mahali pamoja kutaga katika siku fulani za mwezi, mara chache kwa mwaka, na mtafiti anaweza kuzamia miaka mitano asibahatike kuwaona. Mvuvi wa mshipi anapajua.

Na hapo ndipo watu hunyamaza, kwa sababu wanaogopa kwamba atakayetaja mahali pazuri amepafungisha. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni makubaliano ya maandishi na BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, kabla ya kikao: alama za mahali pa mazalia hazitachapishwa, nakala ya ramani inabaki kijijini, na taarifa haitatumika kuweka kanda bila kurudi kwanza kwa waliozitoa. Timu isiyoweza kuahidi hayo itapewa ramani ya uongo, na itastahili.

Hatua inayofuata ni mnadani. Kupima urefu wa samaki na kupasua wachache kuangalia mayai, kila wiki, kwa mwaka mzima, huonyesha ukubwa anaoanza kutaga na miezi ya mazalia. Ni kazi ya ubao wa kupimia, daftari na uvumilivu. Wengi huiruka kwa kuwa haina picha nzuri za kuweka kwenye ripoti, na wakishairuka wanakosa msingi wa kusema lolote kuhusu msimu.

Kisha maji. Kwenye mwamba, kamba ya kupimia yenye mita 50 hulazwa kwa kina kimoja, na mzamiaji huhesabu samaki katika upana wa mita tano, yaani mita za mraba 250. Akiogelea mbio, wadogo wanampita. Akienda polepole mno, wengine wanaingia na kuhesabiwa mara mbili. Kwenye kamba hiyo hiyo huangaliwa kilicho chini ya kila nusu mita, iwe tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani au mchanga, na hapo zinapatikana alama 100. Kamba moja haisemi kitu. Angalau nne kwa kila mahali, na kina viwili. Kwenye majani ya bahari hutumika fremu ya sentimita 50 kwa 50, inawekwa kila mita tano, na kuandikwa spishi, asilimia iliyofunikwa na urefu wa jani. Kwenye mikoko ni viwanja vya mita 10 kwa 10, shina likipimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwa mkoko wenye magongo hupimwa juu ya gongo la juu kabisa, la sivyo unapima mzizi na kuuita shina. Papa na taa hawapendi wazamiaji, kwa hiyo huwekewa kamera yenye chambo sakafuni kwa dakika 60. Siku hizi pia huchujwa lita moja au mbili za maji ili kutambua vinasaba vilivyomo. Ni njia nzuri ya kujua nani yupo katika eneo, lakini mkondo hubeba vinasaba, kwa hiyo haikuambii yuko jiwe gani.

Mambo mawili huharibu kazi hii kuliko mengine. La kwanza ni kupima msimu wa kaskazi tu, maji yakiwa yametulia na kuona kukiwa safi. Ripoti inatoka bila nyangumi wenye nundu, ambao hupita kwetu kati ya Julai na Novemba wakija kuzaa kutoka bahari ya kusini ya barafu, na bila kuonyesha ni mwamba upi unaovuliwa kusi kwa kuwa ndio pekee wenye kivuli cha upepo. Mwamba huo ukifungwa, umemfungia mvuvi wa mtumbwi miezi mitano ya mwaka, na hakuna doria itakayoweza kumzuia. La pili ni kuamini macho kupita kiasi. Kamba ya mita 50 humwona pweza mara chache, ingawa yumo. Masika, Ruvuma ikimwaga tope, haimwoni kiumbe yeyote. Kutoonekana kwenye fomu si kutokuwepo.

Orodha ikishakuwa mkononi, kila kiumbe hupewa alama. Mataifa yalikubaliana mwaka 2008, chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, vigezo saba vya kutambua maeneo ya bahari yenye uzito wa kiikolojia: upekee, umuhimu kwa hatua za maisha ya viumbe, uwepo wa walio hatarini, wepesi wa kuharibika na uzito wa kupona, wingi wa uzalishaji, wingi wa aina, na uasilia. Kwa vigezo hivyo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, na lile la kutoka ghuba ya Pemba ya Msumbiji hadi Mtwara, yamekwisha kuelezwa kimataifa. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya maeneo, lakini vinageuzwa kirahisi kuwa maswali ya kiumbe: anafanya kazi gani, nani mwingine anaifanya, anategemea mahali pangapi, anachukua muda gani kurudi, na watu wangapi wanamtegemea. Kila swali lipewe sifuri hadi tatu.

Tahadhari: usijumlishe tu. Jumla huficha. Kikande anaweza kupata tatu kwenye "nani mwingine anaifanya" na sifuri kwenye "watu wangapi wanamtegemea", akatoka na wastani wa kati na kuachwa. Kanuni salama ni kwamba aliyepata tatu kwenye kutokuwa na mbadala, au kwenye kuchelewa kurudi, anaingia bila kujali jumla yake.

Sasa ugumu halisi: ramani hailindi kiumbe, hulinda mahali, na kiumbe mmoja ana mahali zaidi ya pamoja. Samaki wengi wa jamii ya changu, na wale waitwao tembo, hukulia kwenye mikoko na majani ya bahari, kisha huhamia mwambani. Utafiti wa Ismael Kimirei na wenzake uliochapishwa mwaka 2013, uliosoma kemikali za vijiwe vya masikio ya samaki wa pwani ya Tanzania, ulithibitisha uhamaji huo. Vijiwe hivyo hujenga tabaka kadiri samaki anavyokua na kuhifadhi alama ya maji aliyokulia. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba mwamba uliofungwa vizuri huku mikoko ya nyuma yake inakatwa kwa ajili ya boriti na chumvi utakuwa na wazee bila vijana. Kanda ya ulinzi inafaa ivuke kutoka mkoko, kupitia majani, hadi mwamba, hata kama ni nyembamba, kuliko kuwa duara kubwa mwambani peke yake.

Ukubwa nao una kipimo. Wataalamu wa hifadhi hupendekeza eneo lisilovuliwa liwe angalau mara mbili ya upana ambao kiumbe anauzunguka maishani. Samaki anayezunguka kilomita moja anahitaji kilomita mbili. Kwa nyangumi hesabu hiyo haina maana, na hakuna anayefikiria kumfungia bahari. Yeye hulindwa kwa msimu, kwa kanuni za majarife na mwendo wa vyombo vikubwa. Pweza yuko upande wa pili kabisa. Anaishi kiasi cha mwaka mmoja au mmoja na nusu, anakua kwa kasi ya ajabu, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai bila kula hadi anakufa. Kwake, kufunga mwamba kwa miezi mitatu kunaleta tofauti ya uzito inayoonekana mzanini, kama walivyoonyesha wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walioanza mwaka 2004, na njia hiyo imefika kisiwa cha Songosongo, Kilwa, pia. Lakini mwamba ukifunguliwa na watu wakaingia wote siku moja na nondo, matumbawe yanavunjwa, na waliobaki kwenye mayai wanakwisha. Siku ya kufungua inahitaji kanuni kali kuliko siku ya kufunga.

Kukusanya mahitaji haya yote kwenye ramani moja hutumika programu kama Marxan. Watu huisikia wakadhani kompyuta ndiyo iliyoamua. Programu hiyo haijui bahari. Inapewa vipande vidogo vya eneo, kiasi kinachotakiwa kulindwa kwa kila kiumbe au makazi, na gharama ya kila kipande, kisha inatafuta mchanganyiko wenye gharama ndogo. Neno la kushikilia hapo ni gharama. Kama gharama imeandikwa kuwa umbali kutoka ofisini, itapendekeza kufunga mlangoni kwa kijiji. Kama gharama ni siku za uvuvi zitakazopotea, kwa taarifa za vikao vya mwanzo, itapendekeza kitu kingine kabisa. Mwanakijiji anayetaka kujua ramani imemhesabu au la, aulize swali hilo moja.

Kwa Mtwara kuna jambo la ziada ambalo halionekani ukisimama ufukweni. Mkondo mkubwa unaovuka bahari ya Hindi kutoka mashariki hupiga bara la Afrika karibu na mpaka wetu na Msumbiji, ukagawanyika: sehemu huelekea kusini, na sehemu hupanda kaskazini kandokando ya pwani yetu. Mayai na vifaranga vya matumbawe na samaki vinavyoachiwa Ghuba ya Mnazi vinaweza kubebwa kuelekea Lindi, Kilwa na Mafia. Hii ndiyo sababu mimi naona miamba ya huku, yenye mamia ya aina za matumbawe, ipewe uzito kuliko ukubwa wake kwenye ramani ya taifa. Lakini mkondo huo huo ungebeba mafuta kama yangemwagika. Ndiyo maana kila aina ya makazi inatakiwa ilindwe mahali patatu au zaidi, mbali mbali, badala ya kuweka yote ghuba moja.

Orodha ya viumbe muhimu, hata ikitengenezwa vizuri, inachakaa. Joto la 1998 liliua matumbawe ya matawi kuliko yale mapande, na joto kali likarudi 2016 na 2024, kwa hiyo uzito wa kila kundi umebadilika. Kamba zile zile zirudiwe mahali pale pale kila mwaka, mwezi ule ule, na mpimaji awe amelinganishwa na mwenzake kabla ya kuzama. Idadi sawa ya kamba ilazwe nje ya kanda, kwenye mwamba wa kina hicho hicho unaoendelea kuvuliwa. Sehemu hii ya nje ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua. Bila hiyo, pono wakiongezeka hakuna awezaye kusema ni kwa sababu ya hifadhi au ni mwaka mzuri tu, na wakipungua mvuvi aliyesogezwa atakuwa na haki ya kuuliza alisogezwa kwa nini, na timu haitakuwa na namba ya kumwonyesha.